UZI: Wimbledon wiki ya kwanza, tazama nyasi kabla hujatazama majina

MdundoMfupi (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa sisi tunaofuatilia Wimbledon, yale mashindano ya tenisi ya London yanayochezwa kwenye nyasi, tukiwa huku Uganda, hasa raundi ya 1 na ya 2. Kila mwaka kuna wale wa "niiteni robo fainali." Wanaikosa sehemu yenye utamu wake peke yake, maana nyasi za Jumatatu ya kwanza si nyasi za siku ya fainali. Ni kama viwanja viwili tofauti vyenye anwani moja.

Kwanza saa, kwa sababu hapo ndipo watu hupotea. Majira haya London iko nyuma yetu kwa saa 2. Viwanja vya pembeni huanza saa 5:00 asubuhi yao, kwetu saa 7:00 mchana. Uwanja Na. 1 huanza saa 9:00 alasiri yetu, Centre Court, uwanja mkuu, saa 9:30. Mwisho wa kucheza chini ya paa na taa ni saa 5:00 usiku ya London, kwetu saa 7:00 usiku. Kwa hiyo siku moja ya raundi ya 1 yaweza kukuweka kitini tangu saa 7 mchana hadi saa 7 usiku. Na usidhani ni marudio ukiona jua linawaka kwenye skrini ilhali Kampala giza limeingia tangu saa 1: mwisho wa Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, yao.

Wanaume 128, wanawake 128, viwanja 18. Raundi ya 1 ni mechi 128 za mmoja mmoja kwa siku 2, mvua ikiwa na adabu. Huwezi kuziona zote, na hata robo yake huwezi. Basi ufundi wa mtazamaji uko kwenye kuchagua, na mimi huchagua kwa kutazama nani anajua kucheza mpira wa chini. Namba zao (wachezaji 32 bora wa kila upande hupewa namba kwenye droo, yaani upangaji wa nani acheze na nani) naziangalia baadaye.

KortiYaJinja

Ssebo, nyasi si nyasi tu? Wenzetu kila mtu ana kompaundi ya paspalamu nyumbani. Hiyo ya Wimbledon ina nini cha ajabu?

MdundoMfupi

Ina mengi. Ni aina moja tu, inaitwa raigrasi ya kudumu, asilimia 100 tangu 2001. Kabla ya hapo ilikuwa mchanganyiko, raigrasi 70 na feskyu nyekundu 30. Walibadilisha ili nyasi zistahimili kukanyagwa na udongo wa chini ukauke na kuwa mgumu. Wakati wa mashindano hukatwa milimita 8, karibu unene wa penseli. Hiyo raigrasi ni nyasi ya nchi za baridi, kwa hiyo usiifananishe na paspalamu yetu inayopenda joto na kutambaa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Siku 2 au 3 za kwanza majani bado yana maji ndani, yamekaa mazima kila mahali, hata nyuma ya mstari. Mpira ukigonga pale haushikwi. Kwenye udongo mwekundu wa Paris, mashindano ya Ufaransa, chembe za udongo huukwaruza mpira, unapunguza mwendo na kuruka juu hadi begani. Kwenye nyasi mbichi unateleza, unabaki na sehemu kubwa ya kasi yake, na kuinuka kwake ni kidogo. Slaisi, pigo la kuukata mpira kwa chini, ikipigwa vizuri huishia kwenye ugoko. Kufika wiki ya 2, eneo la nyuma ya mstari limekuwa kipara, udongo umekauka, mpira unadunda juu zaidi na kwa uhakika. Mchezaji wa topspini nzito, ile ya kuuzungusha mpira ili udunde juu, akifika huko salama, mambo yanamnyookea. Shida yake ni kufika.

DadaSlaisi

Naongezea hapo kwenye kipara. Ukitazama picha za zamani, enzi za watu kusevu (kupiga mpira wa kuanzisha pointi) na kukimbilia wavu, nyasi zilikufa kwa umbo la herufi T: mstari wa nyuma, halafu njia ya katikati kwenda mbele. Siku hizi zinakufa nyuma tu, huku karibu na wavu pamebaki kijani kibichi mpaka siku ya fainali. Ndiyo maana mchezaji anayekimbilia mpira mfupi wiki ya 2 anatoka kwenye udongo mkavu na kuingia kwenye majani yanayoteleza, hatua 3 tu. Wengi huanguka hapo. Wiki ya 1 kunateleza kote, kwa hiyo wanaanguka popote.

MkekaWaNtinda

Mimi naomba jibu fupi tu. Nikikusanya wenye namba 1 hadi 10 raundi ya kwanza, wote washinde, si hela ya bure hiyo?

BekihendiMkonoMmoja

Banange! Ndugu yangu, mkeka huo utachanika kabla ya chai ya jioni. 2025 raundi ya 1 peke yake waliondoka watu 23 kati ya 64 wenye namba, wanaume na wanawake pamoja. Coco Gauff alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa Ufaransa wiki chache tu nyuma, akafungwa na Dayana Yastremska 7-6, 6-1. Jessica Pegula akatolewa na Elisabetta Cocciaretto. Alexander Zverev alicheza na Arthur Rinderknech kwa siku 2, seti 5, akafungwa. Daniil Medvedev akatolewa na Benjamin Bonzi. Hata Carlos Alcaraz, bingwa mtetezi, Fabio Fognini alimpeleka seti 5 kwenye mechi ya ufunguzi.

Na si mambo ya mwaka mmoja. 1994 Steffi Graf, bingwa mtetezi, alitolewa raundi ya 1 na Lori McNeil. 1999 Martina Hingis alipigwa 6-2, 6-0 na Jelena Dokić, msichana wa miaka 16 aliyepitia mchujo (mechi za kutafuta nafasi kabla ya mashindano), namba 129 duniani. 2003 Lleyton Hewitt, bingwa mtetezi, alishinda seti ya kwanza 6-1 dhidi ya Ivo Karlović, mtu wa sentimita 211 ambaye naye alitoka kwenye mchujo. Karlović akashinda zote 3 zilizofuata. 2024 Markéta Vondroušová, bingwa mtetezi pia, hakuvuka Jumanne ya kwanza.

KortiYaJinja

Lakini kaka, tuwe waadilifu. Zamani wenye namba walikuwa 16 tu. Kuanzia Wimbledon ya 2001 wakawa 32. Ukiwa na wengi zaidi kwenye orodha, wengi zaidi wataanguka. Namba 29 kufungwa na mtu wa 45 duniani si tetemeko.

BekihendiMkonoMmoja

Hoja yako naikubali nusu. Kweli, kuanguka kwa namba 25 hadi 32 usikuhesabie kitu, pengo lao na wanaofuata ni dogo. Ila tazama waliotajwa hapo juu: mabingwa watetezi na watu wa 10 bora. Hapo mpangilio wa droo hauna kosa. Mpangilio unahakikisha tu kwamba wenye namba hawakutani wao kwa wao kabla ya raundi ya 3. Mtu wa 33 duniani, asiye na namba, anaweza kumwangukia namba 1 Jumatatu mchana. Na kingine: tangu 2021 Wimbledon hufuata orodha ya viwango vya dunia kama ilivyo. Zamani kwa wanaume walikuwa na hesabu ya ziada iliyompa pointi aliyefanya vizuri kwenye nyasi. Sasa aliyezoa pointi zake kwenye udongo anaingia na namba kubwa ambayo nyasi hazimtambui.

DadaSlaisi

Kwa hiyo tuwafundishe kusoma droo. Ijumaa kabla ya mashindano droo inapotoka, mimi natazama mambo kwa mpangilio huu.

Kwanza, huyu mkubwa alicheza mechi ngapi za nyasi mwaka huu? Kati ya fainali ya Paris na Wimbledon kuna wiki 3. Aliyefika mbali Paris hupumzika, anacheza shindano moja dogo au asicheze kabisa. Gauff 2025 alienda Berlin, akafungwa mechi yake ya kwanza. Akaingia Wimbledon bila ushindi hata mmoja wa nyasi mwaka huo, na dhidi ya Yastremska akafanya dabo folti 9, yaani kukosea sevu mara mbili mfululizo na kupoteza pointi. Wakati huo mpinzani asiye na jina kubwa amecheza Nottingham, Eastbourne au mchujo wenyewe wa Roehampton. Aliyepitia mchujo ameshinda mechi 3 kwenye nyasi wiki iliyotangulia. Magoti yake yameshazoea kukunjwa.

Pili, anashikaje raketi kwenye forihendi, pigo la upande wa mkono wenye raketi? Mshiko uliogeuzwa sana chini ya mpini unataka mpira wa kiunoni na kwenda juu. Mpira wa ugokoni unamlazimisha afike chini ya mpira kwa kiganja kilichopinda, na muda hana. Ukiona mtu anapiga forihendi nyingi kwa mguu wa nyuma huku anajirudisha, ujue mdundo unamsumbua.

Tatu, anasimama wapi kupokea sevu? Kusimama mita 3 au 4 nyuma ya mstari kuna faida kwenye udongo. Kwenye nyasi, sevu ya kukata inayotoka nje inampeleka mpaka kwa waokota mipira, uwanja wote unabaki wazi. Medvedev huzungumzwa sana hapo, japo yeye huyohuyo alifika nusu fainali 2023 na 2024, kwa hiyo usilifanye sheria ya Musa.

BandoKidogo

Mimi nauliza la mfukoni. DStv sina, bibanda vyote mtaani ni mpira wa miguu. Nikitazama kwa simu, mechi ya seti 5 inakula bando kiasi gani?

MdundoMfupi

Inategemea ubora wa picha. Kwa picha ya 480 weka takriban nusu GB hadi robo tatu kwa saa. Kwa 720 ni GB 1 hadi 1 na nusu. Mechi ya saa 4 kwa 720 inaweza kukumalizia GB 5 au 6. Ila kuna tatizo la tenisi lenyewe: kwa 480 kurudi chini, mpira kwenye nyasi huuoni, unaona miguu tu. Ushauri wangu ni huu: fuata matokeo ya pointi kwa pointi kwenye programu rasmi, hayo ni ya maandishi na hula kidogo sana. Fungua video seti inapofika 4-4. Kwenye nyasi breki (kushinda gemu anayosevu mpinzani) ni chache, hivyo mara nyingi seti nzima inaamuliwa kati ya 4-4 na taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikifika sare. Hapo utakuwa umeokoa zaidi ya nusu ya bando.

Wenye king'amuzi, mechi ziko SuperSport. Ila wiki ya kwanza chaneli hufuata majina makubwa, kwa hiyo uwanja wa 12 au 18 huenda usiuone.

KabalagalaEsi

Seti ya 5 si wanaenda mpaka 12-12 ndiyo taibreki?

BekihendiMkonoMmoja

Hapana, hiyo ilikuwa 2019 hadi 2021. Tangu 2022 seti ya mwisho ikifika 6-6 wanacheza taibreki ya pointi 10, tofauti ya 2. Seti nyingine ni taibreki ya kawaida ya pointi 7. Usichanganye, maana watu hushangilia kwenye 7 ya seti ya mwisho wakidhani mechi imekwisha.

Mechi inayotajwa sana mabadiliko hayo yakizungumzwa mnaijua, na ilikuwa ya raundi ya 1. John Isner na Nicolas Mahut, Uwanja 18, 2010. Siku 3, saa 11 na dakika 5, seti ya 5 iliisha 70-68. Isner esi (sevu ambazo mpinzani hakuzigusa) 113, Mahut 103. Ubao wa matokeo ulikwama kwenye 47-47 kwa kuwa haukutengenezwa kwenda juu zaidi. Kwa nini haikuisha? Wote walisevu vizuri, nyasi haikutoa mdundo wa kumsaidia anayepokea, na uchovu ulimuumiza anayepokea kuliko anayesevu. Sevu ndiyo pigo pekee unaloanza umesimama.

MwanaBombo

Kuhusu kuteleza: viatu havisaidii? Wangevaa njumu kama za mpira.

DadaSlaisi

Njumu hazikubaliwi, zingechimba uwanja siku ya kwanza. Viatu vya nyasi vina vichuchu vidogo vya mpira soli nzima, vinakaa kwenye majani kama brashi. Vinashika vizuri ukikanyaga bapa. Mtu anaanguka anapogeuka ghafla uzito ukiwa kwenye ukingo wa kiatu, hasa nyuma ya mstari upande wa kushoto au kulia, akirudi katikati. Angalia hatua zao: wazoefu wa nyasi hupiga vihatua vingi vifupi kabla ya kusimama. Wale wa udongo hufika kwa hatua moja ndefu wakitarajia kuteleza hadi kwenye mpira. Djokovic huteleza kwenye nyasi na kubaki wima, lakini huyo msimuige.

Halafu kuna paa. Jumanne ya kwanza ya 2021, Centre Court, paa limefungwa kwa mvua: Adrian Mannarino aliteleza akiwa anacheza na Roger Federer, goti likamtoa mchezoni. Mechi iliyofuata uwanja uleule, Serena Williams akateleza dhidi ya Aliaksandra Sasnovich, naye hakumaliza. Uwanja ukifunikwa, unyevu haupandi juu na kupotea, unabaki kwenye majani. Na majani ya siku ya 2 yana maji tayari. Kwa hiyo mkisikia "paa linafungwa" wiki ya 1, tarajieni mambo mawili: anayesevu anafaidi kwa kuwa hakuna upepo wala jua la machoni, na anayetegemea kukimbia anaanza kukanyaga kwa woga.

MdundoMfupi

Na kufunga paa kunakata mchezo. Dakika kama 10 za kulifunga, halafu wanasubiri hewa ya ndani ikae sawa, jumla yaweza kuwa dakika 30 hadi 40. Raundi ya 2 ya 2012 Rafael Nadal alikuwa ametoka kushinda seti ya 4 kwa 6-2, mchezo umemgeukia. Paa likafungwa. Waliporudi Lukáš Rosol, namba 100 duniani, alipiga kila mpira kama anafukuza nyuki, akamaliza 6-4. Mipigo hiyo ilimnyima Nadal muda wa kurudisha.

MkekaWaNtinda

Sawa, nimeelewa, mkeka nauacha. Lakini je, hao wanaojitoa gemu ya 5 si wanakuja kuchukua hela tu?

BekihendiMkonoMmoja

Ilikuwa hivyo zaidi zamani. Hata aliyefungwa raundi ya 1 hulipwa, mwaka 2025 ilikuwa pauni 66,000, kwa hiyo zamani mtu mwenye mguu mbovu alikuwa na sababu ya kuingia uwanjani. Tangu 2018 mashindano makubwa yana utaratibu: ukijitoa kwa jeraha kabla ya mechi yako ya raundi ya 1, ukiwa umeshafika, unapata nusu ya hela hiyo. Nusu nyingine anapata anayeingia nafasi yako kutoka mchujo. Na ukicheza chini ya kiwango raundi ya 1 unaweza kutozwa faini hadi hela yote. 2019 Bernard Tomic alifungwa na Jo-Wilfried Tsonga ndani ya dakika 58, akatozwa pauni 45,000, malipo yake yote ya raundi hiyo.

Huyo anayeingia dakika za mwisho usimdharau. 2002 George Bastl alishindwa kwenye mchujo, akapata nafasi ya mtu aliyejitoa, raundi ya 2 akamtoa Pete Sampras kwa seti 5, Uwanja Na. 2 wa zamani, ule walioubatiza makaburi ya mabingwa. Sampras alikuwa na mataji 7 pale.

KortiYaJinja

Swali la sisi tunaopiga mpira Lugogo. Hii michezo ya nyasi inaigika huku?

DadaSlaisi

Kwa sehemu. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unapaa na unadunda juu kuliko London. Kwa hiyo slaisi ileile huku itaelea na kuinuka, itamkalia mpinzani wako kiunoni. Ukitaka ibaki chini, ipige mpira ukiwa umeshaanza kushuka, raketi iwe imefunguka kidogo tu, ifuate mpira mbele badala ya kuukata kama mchicha, na ilenge mpira uvuke wavu kwa kimo cha kama mipira 2. Kinachoigika moja kwa moja ni kupunguza mvuto wa raketi kwa nyuma unapopokea sevu. Raketi isipite bega. Hicho ndicho cha kutazama wiki ya 1: anayepokea kwa pigo fupi kama la kuzuia, na anayepiga nusu mduara na kuchelewa.

KabalagalaEsi

Nina ndugu London anataka kwenda bila tiketi. Inawezekana?

MdundoMfupi

Inawezekana, kwa foleni. Kila siku ya wiki ya 1 huachwa tiketi kama 500 za Centre Court, 500 za Na. 1 na 500 za Na. 2, kisha tiketi za kuzunguka viwanja vya pembeni. Akifika anapewa kadi yenye namba, asiipoteze. Tiketi ni moja kwa kila mtu, habebei rafiki. Hema linaruhusiwa, lakini la watu 2 tu. Kwa wiki ya 1 mwambie asihangaike na Centre Court. Achukue ya kuzunguka, akae uwanja mdogo safu ya pili au ya tatu, asikie mpira unavyolia kwenye nyasi. Kwenye runinga kamera iko juu, inaufanya mdundo uonekane wa kawaida. Pale chini ndipo anaona jinsi magoti yanavyokaribia ardhi.

MwanaBombo

La mwisho. Naona wanaonyeshana mpira kabla ya kusevu, hiyo ni nini?

BekihendiMkonoMmoja

Mipira mipya. Inabadilishwa baada ya gemu 7 za kwanza, kwa kuwa kupasha mwili kumehesabiwa kama gemu 2, kisha kila baada ya 9. Yaani gemu ya 8, ya 17, ya 26, ya 35. Adabu ni kumwonyesha mpinzani. Mpya ina manyoya yaliyolala, inakwenda kasi na kuteleza zaidi. Baada ya gemu 6 au 7 manyoya yamevimba na kunywa unyevu, mpira mzito. Kwa hiyo kabla hujasema fulani amevunja sevu kwa ushujaa, hesabu ni gemu ya ngapi. Anayesevu gemu ya 16 anasevu na mipira iliyochoka, na anayemfuata anapewa mipya.

MwanaBombo

Kumbe! Basi kesho saa 7 mchana uwanja gani?

DadaSlaisi

Ratiba hutoka jioni ya leo. Ikitoka, usianze na Centre Court. Tafuta mwenye namba kati ya 5 na 15 aliyefika mbali Paris, aliyepangiwa mtu aliyetoka Roehampton, kwenye uwanja usio na paa. Ukiipata, niwekee hapa namba ya uwanja.